Kona ya Sanduku la Bati

Juzi nilipita Kariobangi nikitafuta kibarua, nikasimama pale palipokuwa na mabanda ya mafundi wa masanduku ya bati. Sasa ni ghorofa. Sikusikia lolote moyoni. Nilikumbuka tu ule mlio wa nyundo uliotupokea tukitoka shule, na harufu ya vitunguu vikikaangwa katika kila mlango wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Tulikuwa darasa la tano, miaka ya tisini. Sweta zetu zilikuwa rangi ya damu ya mzee. Ndipo msichana mmoja akahamia ploti yetu na mama yake kutoka Busia, bado amevaa sweta ya kijani ya shule aliyotoka. Wavulana wa darasa la saba walimngoja kwenye tundu la ukuta nyuma ya soko, njia yetu ya mkato, wakiifananisha sweta yake na mboga.

"Sukuma wiki! Leo umekuja na nyanya?"

"Mkateni, tumpike!"

Mwanzoni walicheka tu. Halafu wakaanza kumvuta na kumsukuma. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye hakupenda kiboko, alisema watu wa namna hiyo hutafuta aliye peke yake. Akaniita. "Mnaishi ploti moja. Usimwache mpaka mlangoni kwao." Na ilifaa. Wiki tatu tulipita pale wawili, nao wakaishia kutupigia mbinja, maana walijua kuna wa kwenda kusema.

Wiki ya nne, kabla hatujafika tunduni, nilimkuta fundi mmoja wa masanduku akifunga kona ya sanduku bila msumari hata mmoja. Nikasimama. Msichana akanivuta mkono.

"Twende, mama ananingoja."

"Tangulia, nakuja sasa hivi."

Alinitazama, akaenda.

Nilipofika tunduni hapakuwa na mtu. Sweta yake ya kijani ilikuwa mtaroni, kwenye maji machafu. Nyumbani nilimkuta mama yake akimwosha damu ya pua kwenye karai.

Kesho yake mwalimu aliniuliza swali moja: "Ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa nikiangalia sanduku. Hakunichapa. Aligeukia ubao, akaandika tarehe.

Msichana hakurudi darasani. Jumamosi mama yake alinunua sanduku kwa fundi yuleyule, ili ampeleke binti yake akaishi kwa nyanya yake. "Kuja ushike huku," akaniambia. Tukalibeba hadi stendi, msichana akitufuata nyuma. Njia nzima niliangalia kona. Bati lilikunjwa mara mbili, kisha likagongwa polepole.

Mwaka uliofuata niliacha shule. Tangu hapo nimezunguka miji mingi nikitazama vitu vinavyotengenezwa, na kona ile naweza kuifunga hata macho yakiwa yamefumbwa. Masanduku yenyewe siyaoni tena. Tundu limezibwa kwa mawe.

Juzi, kabla ya kuondoka, nilitembea kutoka lilipokuwa banda la fundi hadi lilipokuwa tundu. Ni hatua themanini na mbili.