Mgeni Anayechagua wa Kumsindikiza

Baiskeli ya Nashoni Kisyeri inasikika Nyambureti nzima kabla mwenyewe hajaonekana. Mnyororo unalia kama fisi aliyefiwa. Watu wanaapa kwamba masika ya mwaka huu wa 1956 kifaru alisimama njiani, akausikiliza, akampisha.

"Alikuwa nyumbu," Nashoni anasahihisha akishuka. "Na mimi ndiye niliyempisha."

Asubuhi hii ameingia mji wa Marwa, mfugaji mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Dada yake, Mokami, alibaki na mguu mmoja baada ya kukutana na mamba katika Mto Mara. Mamba huyo wasimulizi wa huku wanamrefusha kila mwezi. Sasa anakaribia urefu wa basi la Musoma.

Kazi ya Nashoni haina jina moja. Misheni inayomwajiri humwita mshauri. Watoto humwita mtu wa magongo. Anawazungukia vipofu, viziwi na waliokatika viungo, watu ishirini na mmoja kwa sasa, akitafuta pamoja nao njia ya kurudi kazini na kwenye maisha.

Marwa ameshaamua: dada aende Mugumu, kwenye nyumba ya misheni wanakosuka mikeka. Anaueleza mpango wote, huku Mokami ameketi pale pale akipepeta ulezi, kama vile anayesemwa yuko nchi nyingine.

Kibuyu cha maziwa kinaletwa, Nashoni anakunywa. Halafu analetwa jogoo mwekundu, miguu imefungwa.

"Huyu ni wako, tata," Marwa anasema, akimwita baba kwa heshima. "Useme na dada vizuri, akubali."

"Maziwa ni ya mgeni yeyote. Huyu jogoo ana kesi. Mfungue akale."

"Unakataa kitu cha mji wangu?"

"Naikataa kesi yake tu. Nyama yake naitamani, Mungu ananiona."

Ndipo inakuja hila ya Nashoni. Huku mgeni haondoki peke yake. Mwenye mji humsindikiza mpaka njiani. Marwa ameshashika fimbo, lakini Nashoni anatikisa kichwa. "Leo anisindikize Mokami."

"Huyo? Na gongo hilo? Akufikishe wapi?"

"Atakapochoka."

Marwa anacheka, ila kumkatalia mgeni hawezi. Na Mokami ameshasimama. Wanakwenda taratibu, baiskeli ikisukumwa, mpaka nyuma ya ua wa minyaa. Wanaolima ng'ambo wanaona mikono ya Mokami ikichora hewani. Neno hawalisikii hata moja, na si kwamba hawajaribu. Mmoja amepalilia mstari uleule mara tatu.

Nashoni alijifunza kumsikiliza mtu faraghani katika hospitali ya jeshi, alikohudumia majeruhi aliporudi kutoka Burma.

"Askari mmoja alikatwa mkono," anamwambia Mokami. "Mhudumu mwenzetu akatangulia kwenda likizo, akaimwaga habari kijijini kwa askari huyo. Jamaa anafika, mchumba ameshaolewa. Mkono ulikuwa wake na habari ilikuwa yake. Nani alimtuma yule?"

Tangu hapo, anayoambiwa hayatoki mdomoni mwake.

Mokami akishachoka, zamu ni ya mgeni kumrudisha. Marwa anawangoja langoni.

"Amekuambia nini?"

"Muulize."

"Nakuuliza wewe! Mimi ndiye ninayemlisha. Kesho nakwenda misheni, nawaambia kazi hii huiwezi."

Nashoni anajua misheni nao wanawataka wasukaji, na mshauri aliyemtangulia aliondolewa kwa lawama kama hii hii. Nyumbani ana watoto sita.

"Nenda, Marwa. Na wao nitawajibu hivyo hivyo."

Mokami anakita gongo chini.

"Siendi Mugumu, kaka. Mikeka siitaki. Nataka mguu wa mti, nirudi kufinyanga vyungu kama mama. Udongo hauulizi miguu."

"Udongo uko mtoni, Mokami! Mtoni!"

"Najua uliko. Nilikuwa naufuata kabla hujaota ndevu."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Habari zangu unazizungumza na wageni."

Marwa anautazama mguu uliobaki, kisha uso wa dada yake. Hofu yake yote ya mto ule imemkaa machoni. "Huo mguu wa mti," anauliza, "nani anauchonga?"

"Yuko seremala Mugumu, Maftah," Nashoni anajibu. "Ila lazima ampime mwenye mguu mwenyewe."

Marwa anamgeukia Mokami. "Nikupeleke?"

"Nipeleke."

Nashoni anapanda baiskeli. Kabla lawama hazijamtangulia, anataka aende mwenyewe misheni kuwaomba waongeze kazi nyingine, si mikeka tu kwa kila aliyepungukiwa kiungo. Anajua watamuuliza yeye alichosema Mokami nyuma ya minyaa.

"Hilo watamuuliza Mokami mwenyewe," anamwambia Marwa. "Mimi nitasema langu. Wakinifukuza, niwe nimefukuzwa kwa neno langu, si kwa la Mokami."