Blanketi Moja, Nyungu Moja

Chuoni kwetu, wakati wa korona, mimi ndiye niliyekabidhiwa kipima joto. Kila asubuhi nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara, pembeni ya ndoo ya maji tiririka, nikiwaelekezea wenzangu kile kidude kwenye paji la uso. Nilikuwa mkali kumshinda mlinzi wa geti. Asiyenawa haingii. Aliyeshusha barakoa kidevuni nilimuuliza kama anaficha ndevu, na wasichana nao niliwauliza hivyohivyo. Wakanipachika jina la Daktari, nami nikalipenda.

Hakuna aliyenipima mimi.

Wiki moja kabla ya mitihani nikaanza kukohoa. Mwili ukachemka, chai ikakosa ladha. Sheria niliijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiitangaza: mwenye dalili aende zahanati ya chuo, akae karantini wiki mbili. Wiki mbili zingenikosesha mitihani yote, na kuikosa ni kurudia mwaka. Nikameza panadoli, kikohozi nikakisingizia vumbi, nikaenda mlangoni kupima watu.

Nilikuwa nimepanga chumba Mwananyamala pamoja na msichana kutoka Mtwara tuliyesoma naye darasa moja. Jioni akanikuta nimechemsha nyungu, sufuria la mwarobaini, mchaichai na malimau.

"Shoga, unaumwa?"

"Siumwi bwana, najikinga tu. Njoo na wewe, kinga ni bora kuliko tiba."

Ningeweza kumwambia akae mbali. Lakini niliogopa kwamba nikijifukiza peke yangu atajua. Akaingia. Blanketi moja, sufuria katikati, pua zetu zikikaribia kugusana. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Akacheka, akasema dawa inafanya kazi.

Baada ya siku nne kifua kikambana. Yeye hakuficha, asubuhi hiyohiyo alikwenda zahanati mwenyewe, wakamweka karantini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakuna kilichoniumbua. Nilikuwa nimeshapata nafuu.

Nilimpelekea uji, tukaongea yeye ndani, mimi nje ya dirisha. Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika. Mitihani ilikuwa keshokutwa, na sote tulijua hataifanya.

"Nisamehe shoga," akasema. "Juzi nilivua barakoa Manzese, nachagua viatu vya mtumba. Kama nimekuletea huu ugonjwa chumbani... na mitihani hii... sijui nitakuangalia vipi."

Ukweli ulinijaa mdomoni. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na muda, tulikuwa wawili tu. Naona aibu kuandika nilichomjibu.

"Usijali," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akasema watu wa moyo kama wangu wamebaki wachache.

Nilifanya mitihani yote, nikafaulu. Yeye alipona, akarudia mwaka. Mpaka leo akinipigia simu ananiita Daktari, nami naitika.