Mjomba Sekunde na Kimya cha Kaka Yake

"Nimekata video za nusu ya mji huu, na sijawahi kumkata mtu neno, hata la sekunde moja!"

Mjomba alitangaza hayo kwenye harusi ya binti wa jirani, kipaza sauti mkononi, jasho likimtiririka, wala hakuna aliyemuuliza. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo akaitwa Sekunde.

Na kusema kweli kazi alikuwa anaiweza. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vioo: meza, kiti kilichofungwa waya mguuni, na kompyuta inayohema kama ina pumu. Hapo hutengeneza michoro inayotembea, majina ya maharusi yanayoruka na maua yanayochanua. Mimi nilipoachana na diploma yangu katikati (au yenyewe ndiyo iliyoniacha, bado tunabishana), nilikuwa napanda pale kutumia intaneti ya bure. Akanifundisha bila kuombwa.

"Komposisheni ni boksi, mpwa wangu. Unatia humo picha, maandishi na sauti, unaliambia lianze lini na liishe lini. Halafu boksi dogo unalitia ndani ya boksi kubwa. Kubwa linaonyesha kile tu ulichokiruhusu. Kilichobaki hakifutiki, kinakaa nje ya ukingo."

Tatizo ni kwamba alifanya kazi sauti ikiwa imezimwa. Kwenye skrini sauti huchorwa kama milima: mtu akisema, milima inasimama, akinyamaza, nchi inalala tambarare. Yeye aliisoma kwa macho. "Masikio ni ya wanafunzi," alisema.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Bibi, mama yake. Ukoo mzima ukatuma salamu za video, Sekunde azishone ziwe kitu kimoja. Bibi mwenyewe alikuwa na haja moja tu. Mjomba Mkubwa, mwanawe wa kwanza, aliondoka nyumbani kwa hasira na hakurudi hata kumzika Babu.

"Keki sina meno nayo," Bibi alisema. "Nataka nimsikie huyo mwanangu akiniambia nisamehe mama. Basi."

"Ametuma, mama. Yumo," Sekunde akamjibu.

Siku yenyewe sebule ilijaa hadi mlangoni. Uso wa Mjomba Mkubwa ukatokea kwenye runinga, ndani ya duara la maua. "Shikamoo mama. Hongera. Huku tuko salama, watoto wamekua, mvua hazikatiki." Akainamisha kichwa. Duara likajikunja taratibu, kwa ufundi mkubwa, zikafuata salamu za shangazi na maputo yake.

"Ndiyo hivyo tu?" Bibi akauliza.

"Ndiyo hivyo, mama. Sijamkata neno."

"Ananisomea hali ya hewa," Bibi akasema. "Kama redio."

Tukacheka sana. Bibi hakucheka.

Wiki iliyofuata Mjomba Mkubwa akapiga simu ofisini. "Mama amesemaje?"

"Kuhusu nini, kaka?"

"Kuhusu msamaha, wewe! Si nimelia mle kama mtoto?"

Sekunde akafungua boksi dogo na kuwasha sauti, nami nipo. Baada ya habari za mvua milima ililala. Kaka alikuwa anavuta pumzi, anatafuta pa kuanzia. Sekunde na macho yake makali alikiona kile kimya, akadhani ndio mwisho, akaweka ukingo hapo hapo bila kusogea mbele kutazama. Nje ya ukingo milima ilisimama tena, mirefu: "Mama, nilikosa. Nisamehe, sikuja kumzika baba."

Kweli, hata neno moja halikukatwa.

Angeweza kushika simu, akaenda kumsikilizisha Bibi siku ile ile. Nilimwambia.

"Nimpelekee ovyo ovyo hivi? Ngoja niipange vizuri."

Akaipanga. Ua likachanua mapema mno, akalisogeza. Likachelewa, akalirudisha. Kaka akipiga, anaambiwa, "Subiri kidogo, mama anatafakari." Bibi wa watu anachambua mchele, hana habari ya kutafakari chochote. Asubuhi moja hakuamka.

Safari hii Mjomba Mkubwa alikuja kuzika. Pale kaburini akamshika mdogo wake bega. "Angalau alinisikia," akasema.

Sekunde akaitikia kwa kichwa.

Ni yeye aliyeniambia niandike haya. "Wewe mdomo wako hauna breki," alisema. "Mimi wangu umegoma kufunguka. Kaka akisoma, basi asome."

Siku hizi anafanya kazi spika zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, na mwenye duka la vioo analalamika kwamba bidhaa zinatetemeka. Video ile hajaimaliza wala hajaifuta. Imekaa pale na ua lake, imejaza kompyuta, kazi za wateja zinakwama. Nilimshauri aifute. Akanituma niulizie diski nyingine ya kuihifadhia.

Niliulizia. Ni elfu tisini.