Cheti cha Kuhudhuria

Milka, mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, alifika Arusha na ombi moja tu: wasichana anaowafundisha kufinyanga vyungu watahiniwe na chuo cha ufundi, wapewe vyeti. Kwenye ratiba ya mkutano wa kimataifa wa elimu ya ufundi na jamii za asili alipangiwa dakika kumi. Hotuba za ufunguzi zikazimeza zote.

Mratibu akamvuta pembeni. "Mama, muda umetubana. Ila wageni wangefurahi kukuona ukifinyanga pale nje, wakati wa chai."

"Mwanangu, nimekuja kusema."

"Watasema wataalamu, mama. Wameshafanya utafiti huko kwenu."

Akafinyanga. Wageni wakaipiga picha mikono yake, hakuna aliyemuuliza neno. Siku ya kufunga akaitwa jukwaani, akapigiwa makofi na kukabidhiwa karatasi yenye muhuri.

Aliposhuka mtumbwini Ikombe, Lusungu, mkubwa wa wanafunzi wake, aliiona. "Ndaga, mama, asante! Vyeti vyetu?"

"Ni changu. Cha kuhudhuria."

"Sisi miaka minne tunakanda udongo, hatuna. Wewe umekaa siku mbili tu?"

Milka akavua viatu vya safari, akauliza kama udongo umeshalowekwa.