Mwakani Yerusalemu

Kwenye treni ya kwenda Rågsved, kitongoji cha hapa Uswidi, mzee mmoja Myahudi alikuwa akibishana na dada yake kwa Kiswidi.

"Kila Pasaka yetu tunasema, 'Mwakani Yerusalemu.' Ukiukataa Uzayuni, Uyahudi wako unabaki nini?"

"Inabaki sala. Naililia Yerusalemu, lakini kwangu ni hapa. Sihitaji bendera."

"Bila nchi yetu tutakimbilia wapi?"

"Babu alikimbilia hapa."

"Na ndugu zake waliofungiwa mlango mpakani?"

Dada akamfunga kaka yake skafu vizuri shingoni.

Mwenye haki ni nani? Msiniulize mimi. Sisi Watanzania wa hapa kila Krismasi tunaapa, "Mwakani nyumbani," kisha Januari tunagombania makoti ya baridi yaliyoshushwa bei. Mwaka huu nimenunua zito, la kunifaa miaka mingi. Mwakani nyumbani, Mungu akipenda.