Bastola ya Mpelelezi

Mume wangu hachezi ngoma tena, na mimi nimechoka kuulizwa kwa nini. Anakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yetu hapa Nyakato, anatazama watu wa viwandani wakitoka zamu, na mtu akipita akamwamkia "Shikamoo, manju," haitikii. Alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, tangu kabla sijamjua. Wenzake wanasema ni mimi, mke wa mjini, niliyeiharibu dawa yake ya kuvuta watu kwa kuishika ile bastola kabla yake. Wajinga wale. Bastola haikuwa na dawa yoyote.

Ni kweli mimi ni mtoto wa mjini. Kwetu ni Waislamu wa mitaa ya katikati, watu wa cherehani na maulidi, na nilipoolewa na Msukuma mcheza ngoma kaka zangu waliniuliza kama mahari italetwa na chatu. Kwa hiyo sheria za mchezo ule nilijifunza ukubwani. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kimoja huku, kingine kule. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mwishoni wazee wanapita kuangalia watu wengi wamesimama upande gani, na huo ndio upande ulioshinda.

Ndiyo maana manju anaishi kwa vituko. Wangu aliwahi kucheza na nyoka, aliwahi kufukiwa ardhini akatoka akiimba. Lakini miaka ya karibuni tulipangwa kushindana na kijana mwenye jenereta na maspika, na watu wakawa wanamfuata yeye. Wanakikundi wakaja nyumbani, wakanywa chai yangu, wakamwambia mume wangu kwa adabu kabisa kwamba tukishindwa tena ngoma itakabidhiwa mtu mwingine. Walipoondoka alibaki ameshika kikombe kitupu. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Akazua kituko cha mpelelezi, yule Mzungu wa vitabu vya historia vya shule, aliyefika hapa kwetu akaliona ziwa na kusema amelivumbua, wakati kina mama wako pale pale wanaosha sufuria. Nilimshonea kaptula na koti la kaki lenye mifuko minne. Kofia ngumu ya kikoloni tuliipata kwenye mitumba. Darubini aliitengeneza kwa makopo mawili ya nyanya, masharubu kwa singa za mkia wa ng'ombe. Alipojaribu uani, akapiga magoti mbele ya beseni langu la kufulia na kupaza sauti, "Nimelivumbua!", nilicheka hadi nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo kwa muda mrefu.

Tatizo lilikuwa kiunoni. Mkanda ulikuwa na mfuko wa ngozi wa bastola, na ndani hamna kitu. Alichonga ya mti, akaichukia. "Mpelelezi wa bastola ya mti ni mpelelezi wa shule ya msingi," alisema.

Hapo nikakumbuka duka la vitambaa ambako mama yangu alikuwa akinituma uzi nikiwa mdogo. Lilikuwa la familia ya Kihindu, na ukutani, kando ya picha za miungu yao zenye mashada ya maua, ilining'inia bastola ya zamani, ile yenye kigurudumu cha risasi kinachozunguka. Baba mkwe wa mwenye duka aliibeba enzi zake akizunguka kununua pamba. Nikaenda. Duka lilikuwa linafungwa, rafu zimebaki tupu, na bibi mwenye duka, mjane sasa, alikuwa amekaa juu ya sanduku akisubiri watoto wake wa ng'ambo waje kumchukua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa yule mama wa cherehani? Yuko wapi mama?"

"Alishatangulia, bibi."

Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Alisema watoto hawaitaki, na kwenye ndege haiingii. Akapanda kigoda mwenyewe, akaitungua. Mtutu ulikuwa umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kigurudumu hakikuzunguka tena. Polisi walishaikagua tangu zamani wakasema ni pambo. "Haiui hata nzi," akaniambia, akaizungushia kipande cha kitambaa. "Lakini ukutani kwangu sasa pamebaki shimo." Alilia, nami nikalia naye, kila mmoja na lake.

Niliibeba kwenye kikapu chini ya dagaa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na niliiogopa njia nzima ingawa nilijua imekufa.

Mume wangu alivaa vyote, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Mpelelezi alikuwa amekamilika. Alinyooka mgongo, akawa yule mwanaume aliyenitoa kwa kaka zangu. "Usimwambie mtu," akaniambia. "Hata mpiga ngoma wangu." Ndivyo walivyo mamanju. Kituko hufichwa mpaka uwanjani, maana wapinzani wana masikio kila mahali, na anayeujua utamu mapema huumwaga. Sikuona ubaya wowote.

Uwanja ulikuwa upande wa Kisesa, vumbi limetanda, jenereta ya yule kijana ikinguruma upande wa pili. Mume wangu alipotokea na darubini yake ya makopo, wa kwanza kuvuka kuja kwetu walikuwa watoto, kisha mama zao, kisha wanaume waliojifanya wanawatafuta watoto. Alimsimamisha mama mmoja akamuuliza ziwa hili linaitwaje, yule mama akamwambia, mpelelezi akatikisa kichwa: "Hapana, linaitwa jina langu!" Watu walishika mbavu. Upande wa pili spika zilikuwa zinawaimbia watu wachache. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akachomoa bastola, akaielekeza juu.

Mpiga ngoma wetu alikuwa na mazoea ya miaka mingi: manju akiinua mkono wa kulia, anaipiga ile ngoma kubwa pigo moja kwa nguvu zake zote. Aliona mkono. Akapiga.

Watu tulikuwa tumezoea kusikia habari za majambazi. Hakuna aliyesubiri kuuliza kama ni risasi au ngoma. Walikimbia wote, kanga zikabaki chini, ndala zikabaki, na kwa kuwa uwanja ule una pande mbili tu, walikimbilia kwa yule kijana. Mpiga ngoma naye alipoona bastola alitupa fimbo zake akawafuata. Mume wangu alikuwa anapiga kelele, "Mbovu! Ni mbovu hii!", na spika zikamfunika. Yule kijana hakuacha kupiga hata kidogo. Ningekuwa yeye nisingeacha pia.

Baadaye mgambo waliichukua ile bastola, lakini wakati ule hakuna aliyethubutu kumsogelea. Nilibaki mimi peke yangu upande wetu. Nilianza kupiga makofi ili acheze, na alicheza, bila ngoma, kaptula imejaa vumbi, kisha akaacha akanijia. Masharubu yalikuwa yanabanduka kwa jasho.

"Nenda kule," akasema.

"Siendi."

"Nenda, mke wangu. Upande wetu ukiwa mtupu watasema watu waliogopa. Ukisimama wewe watasema nimevuta mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mke wangu."

Nilivuka uwanja taratibu nikiruka ndala za watu, na sikugeuka. Kule wakanisogezea nafasi. Wazee walikuwa wameanza kupita wakitutazama. Mama mmoja aliyekuwa bado anahema akanishika mkono.

"Pole, dada. Na wewe ulikuwa kwa yule kichaa?"

Nikamwambia nilikuwa huku tangu asubuhi.