Mpiga Picha Niliyemlaza Nyumbani Kumbe ni Mkwe Wangu

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu, naishi upande wa Malava. Binti yangu wa pekee, nimwite Nafula, anasomea utengenezaji wa filamu Ujerumani, na sasa yumo katika mafunzo ya kazi kwenye kampuni ya filamu hukohuko.

Desemba alikuja nyumbani kutengeneza filamu yake ya kuhitimu, inayohusu maisha yangu. Aliandamana na kijana Mjerumani, mpiga picha, akamtambulisha kuwa mwanafunzi mwenzake. Nilimpokea kama mwanangu. Alilala chumba kilichopakana na changu. Alinipiga picha jikoni nikiwa kichwa wazi, leso kiunoni. Siku moja waliisimamisha kamera mezani, nami nikamshika kijana mkono nikimfundisha kumega obusuma, ugali wetu. Tulikula sahani moja. Alipoondoka nilimkumbatia.

Juma lililopita Nafula akanipigia simu. "Mama, yule mpiga picha ndiye atakayenioa. Tulikubaliana hata kabla ya kuja. Mwezi ujao analeta mahari."

Wasomaji wa kwetu wameshanielewa. Kwa wengine nieleze: kwetu mama hamgusi mume wa bintiye, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungehamia kwa jirani mpaka aondoke. Tungempiga picha nani, kuku?"

Nilikata simu. Akapiga tena. Kampuni imeipenda filamu, inataka kuionyesha na kuiweka mtandaoni, kisha imwajiri. Hata hivyo, haitafanya hivyo bila ridhaa yangu. Nilimwambia aondoe sehemu za jikoni. Akajibu, "Mama, nikiondoa jikoni, hakuna filamu."

Nilimweleza wifi yangu peke yake. Alicheka hadi akaketi chini. "Mwalimu wee! Umemlisha mkwe kwa mkono wako? Wazee wa ukoo wanaokuja kupokea mahari mwezi ujao wakiiona hiyo, watakula mahari au watakula aibu?" Alipomaliza kucheka akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kataa. Watamrudisha kijana wa watu."

Tangu siku hiyo situlii. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Naweka chai mekoni, nasahau kuinywa. Nikikataa, binti yangu atakosa kazi aliyoihangaikia ugenini. Nikikubali, huenda wazee wakaikataa ndoa yake, na mimi nitakaa vipi katika boma hili?

Kuna jambo sijamwambia hata wifi yangu. Nafula alinitumia filamu hiyo, nami nimeitazama mara nyingi. Pale mezani, obusuma ilipomponyoka yule kijana, nacheka mpaka nashika mbavu. Tangu nimzike mume wangu, sikujua kwamba bado naweza kucheka namna ile.

Nafula anasubiri jibu kabla ya Ijumaa. Ninyi mnaozijua mila na mnaowajua watoto wa siku hizi, nishaurini: nimjibu nini?